Kona za Gorode

Kutoka Tukuyu hadi Livingstonia si mbali kama watu wanavyodhani. Unateremka mpaka Kasumulu, pasipoti inagongwa muhuri, unavuka daraja la mto Songwe, na ng'ambo wanakusalimia kwa Kinyakyusa kile kile ulichokiacha nyumbani, ila wao wanakiita Kingonde. "Mugonile," alinianza mama mmoja aliyekuwa na beseni la mandasi, ndiyo maandazi yetu hayo, na nilipomwitikia kikwetu akaniongezea moja. Kinachobadilika ni noti mfukoni na jina la ziwa. Ukiwa Matema ni Nyasa, ukifika Karonga ni Malawi, na serikali zetu mbili hazijamaliza kubishana mpaka upite wapi. Mimi abiria niliyatazama maji nikanyamaza.

Safari hii nilikuwa nikidaiwa na babu. Alizoea kusema kwamba aliyemfundisha kusoma hakuwa Mjerumani wala Mwingereza, alikuwa "Mnyasa", mtu mweusi mwenye koti na saa ya mnyororo, aliyekuja Rungwe na Waskoti. Tulidhani ni porojo za uzeeni. Kumbe historia iko upande wake. Wamoraviani wa Kijerumani walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, na wenzao wa Berlin wakajenga jirani. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, kazi yao ikaangukia mikononi mwa kanisa la Scotland lililokuwa upande wa pili wa mpaka, hadi wenyewe waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Waskoti walikuwa wachache. Ilibidi waje na walimu waliowasomesha wenyewe, na walimu hao walitoka katika shule moja iliyo juu ya mlima, mahali panapoitwa Khondowe. Aliyeijenga ni daktari na mchungaji kutoka Aberdeen, Robert Laws, aliyefika kwenye ziwa hili mwaka 1875 akiwa kijana wa miaka 24 na kuondoka mwaka 1927 akiwa mzee wa miaka 76.

Karonga sikukaa sana. Joto lake ni la Kyela, na waendesha baiskeli za kubeba abiria, wanaoitwa kabaza, wanakugombea kabla hujatua mguu. Lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kupita pale kama anapita Makambako. Mfanyabiashara Mlozi alikuwa na ngome yake karibu na hapa, akijiita Sultani wa Nkonde, na wenzake walizungumza lugha ninayoiandikia sasa hivi. Mwaka 1887 watu wake waliwaua Wangonde waliokimbilia kwenye matete ya ziwa. Vita na kampuni ya biashara ya Waskoti ikafuata. Frederick Lugard, ambaye baadaye alikuja kuwa mtu mkubwa Uganda na Nigeria, alijeruhiwa humu humu mwaka 1888. Mlozi mwenyewe alinyongwa Desemba 1895 kwa amri ya Harry Johnston, kamishna wa Uingereza. Nalitaja hili kwa sababu ukisoma maandishi ya wamisionari wa ziwa hili, neno "Mswahili" mara nyingi linasimama upande wa mnyororo wa watumwa. Hatulipendi, lakini lipo, na bila hilo huwezi kuelewa kwa nini machifu wengine walimpokea Laws kwa mikono miwili: hawakutaka Biblia kwanza, walitaka jirani mwenye bunduki ambaye hakununua watu.

Basi dogo lilinishusha Chitimba, njia panda iliyo ufukweni. Kutoka hapo ni takriban kilomita 15 kwenda juu, na usafiri ni matola, yaani pikapu inayosubiri ijae. Ilijaa kweli. Kulikuwa na magunia ya saruji, kreti za soda, kuku wawili waliofungwa miguu, mwanafunzi wa chuo aliyekumbatia kompyuta yake kama mtoto mchanga, na mzee mmoja aliyelala fofofo tangu injini ilipowashwa. Dereva alikuwa amewahi kufanya kazi Mwanjelwa, Mbeya, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha haraka. "Dada, shika chuma, usishike mtu," akaniambia.

Barabara yenyewe wanaiita Gorode. Ina kona kama 20, na kona ninayoisema hapa ni ile ambayo gari haliwezi kuikata mara moja. Linakwenda mbele, linarudi nyuma mpaka tairi la nyuma linachungulia bonde, kisha linajipinda tena. Mawe yamelegea, lami hakuna. Katika kila kona ziwa linazidi kupanuka chini yako, na kufika juu umepanda zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa maji. Misheni ndiyo iliyoichonga, kwa sululu na jasho la watu wa hapa, mwanzoni mwa karne iliyopita. Kabla yake kila msumari na kila kioo cha dirisha kilipandishwa begani.

Unafika juu unakuta baridi. Kuna misonobari, nyumba za matofali zenye mabomba ya moshi, uwanja wa majani, hospitali, kanisa, sekondari, chuo. Nilipoona mabomba yale ya moshi niliwaza Lushoto.

Lakini Laws hakuanzia hapa. Msafara wa kwanza uliingia ziwani Oktoba 1875 kwa meli ndogo ya mvuke, Ilala, iliyofunguliwa vipande vipande na kubebwa na mamia ya wapagazi kuyakwepa maporomoko ya mto Shire. Waliiita misheni Livingstonia kwa kumbukumbu ya David Livingstone, aliyekuwa amefariki mwaka 1873, na wakapiga kambi Cape Maclear, kusini mwa ziwa. Watalii wanapapenda sana leo. Malaria iliwapenda Waskoti vile vile, na makaburi yao bado yapo pale. Miaka ilipita bila mtu kubatizwa. Wa kwanza, Albert Namalambe, alibatizwa mwaka 1881, wakati wenyewe wanafunga mizigo kuhamia Bandawe kwa Watonga. Bandawe nayo ikawa na homa yake, pamoja na hofu ya Wangoni waliokuwa wakishuka kutoka nyanda za juu kuwavamia Watonga. Ndipo mwaka 1894 Laws akapanda Khondowe, mwinuko uliokuwa na watu wachache, na kuamua hapa ndipo.

Mtu anaweza kumuuliza: unajengaje shule mahali pasipo na watu? Jibu lake lilikuwa la daktari. Hapa mbu ni wachache, na maji yanaporomoka bure.

Hayo maji niliyafuata asubuhi iliyofuata. Maporomoko ya Manchewe yako mwendo wa saa moja hivi kwa miguu, yanaanguka zaidi ya mita 100 kwenye msitu, na nyuma ya pazia la maji kuna pango. Wenyeji wa hapa, Waphoka, husimulia kwamba wazee wao walijificha humo wakati wa kukimbia wakamataji wa watumwa. Kijana aliyenionyesha njia alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaniuliza Simba na Yanga zinacheza lini. Kwenye kijito hicho hicho Laws alifunga mitambo, na mwanzoni mwa karne ya 20 misheni ikawa na maji ya bomba na umeme wa maji. Sehemu kubwa ya Tukuyu yetu iliwashwa taa miongo mingi baadaye.

Nyumba aliyoishi, Stone House, imegeuzwa nyumba ya wageni na makumbusho. Imejengwa kwa mawe mwaka 1903, ina baraza pana, na kutoka barazani unaliona ziwa hadi safu ya milima ya Livingstone, upande wetu. Nililala chumba ambacho sakafu yake ya mbao inalalamika kila ukigeuka. Chakula cha jioni kilikuwa kondowole, ugali wa muhogo unaovutika, na usipa, ambao ni dagaa wale wale wa Kyela. Asubuhi kahawa ya milima hii, nzito, nzuri kuliko ninayouziwa Dar es Salaam na watu wenye aproni.

Makumbusho ni vyumba viwili vitatu vyenye harufu ya vitabu vya zamani. Kuna barua za Laws, gramafoni, vioo vya picha za taa walivyotumia kuwaonyesha watu Injili ukutani, na joho alilovaa mwaka 1908 alipochaguliwa msimamizi wa mkutano mkuu wa kanisa lake huko Scotland. Nilisimama muda mrefu kwenye vifaa vya kutia usingizi. Machi 1876, pale Cape Maclear, alimpa mgonjwa klorofomu na kumkata uvimbe uliokuwa juu ya jicho. Watu walimwona mwenzao anakufa, anakatwa, kisha anafufuka. Hebu fikiria habari hiyo ilivyosafiri vijijini. Sidhani kama mahubiri yoyote ya mwaka ule yaliifikia.

Mzee anayetunza makumbusho, aliyestaafu ualimu, alinionyesha picha moja ya karakana. Vijana wamesimama kwenye meza za useremala, mikono wazi, randa mbele yao, na nyuma yao kuna mbao zimepangwa kwa urefu. Hakuna anayetabasamu, picha za enzi zile zilimtaka mtu asipepese. Mmoja tu, wa tatu kutoka kushoto, ameishika randa kwa kuibana kifuani kama kitu chake.

"Mama, huyu hapa ndiye Laws mwenyewe," mzee akasema. Nikamwambia sioni Mzungu. Akacheka. "Namaanisha meza."

Alikuwa sahihi. Baba yake Laws alikuwa seremala wa samani, na kijana alijifunza kazi hiyo hiyo huku akisoma usiku, mpaka akapata shahada za sanaa, theolojia na udaktari. Shule aliyoisimika hapa ilifundisha useremala, uashi, uchapaji, utunzaji wa hesabu, telegrafu, uuguzi, ualimu, na mwisho wa ngazi, theolojia. Mkewe Margaret Gray, waliyefunga naye ndoa Blantyre mwaka 1879, alikuwa mwalimu pia. Laws hakuamini katika elimu ya kuimba tenzi na kuondoka. Aliamini mtu anayejua kupima ubao hawezi kudanganywa kirahisi, na pengine hakuipeleka imani hiyo mbali kama wanafunzi wake walivyoipeleka.

Ila jina la shule lina kidonda. Iliitwa Overtoun Institution, kwa heshima ya Lord Overtoun, tajiri wa viwanda vya kemikali karibu na Glasgow aliyetoa fedha nyingi. Mwaka 1899 mwanasiasa wa wafanyakazi, Keir Hardie, alitoa vijitabu vikali kuhusu kiwanda chake: watu walifanya kazi saa 12 kwa siku, hata Jumapili, na vumbi la kromu lilikuwa likiwatoboa ndani ya pua, huku tajiri mwenyewe akipiga kelele Jumapili iheshimiwe. Kwa hiyo matofali haya, ambayo nilikuwa nimeyaegemea, yalilipiwa na pua za maskini wa Scotland. Kwenye kuta za makumbusho sikuliona jambo hilo, na mzee alipolisikia kwangu alinyamaza kidogo. "Wazungu nao walikuwa na watumwa wao," akasema, akaenda kufungua dirisha.

Kanisa liko hatua chache kutoka hapo, kubwa kuliko mji. Juu ya mlango mkuu kuna dirisha la vioo vya rangi: Livingstone yuko ziwani na kipimajua chake, sanduku la dawa, na wenzake wawili Waafrika. Jua la saa nne lilipopita kwenye kile kioo, bluu ya ziwa ikaanguka sakafuni, ikapanda kwenye viatu vya mama aliyekuwa akifagia. Laws hayumo dirishani.

Nami nikawa nafikiria wengine wasiomo. William Koyi, Mxhosa kutoka shule ya Lovedale Afrika Kusini, alifika mwaka 1876 na wenzake watatu. Koyi ndiye aliyepanda kwa Wangoni akaongea nao lugha wanayoielewa, maana Kizulu chao na Kixhosa chake ni ndugu. Akakaa, akavumilia matusi na njaa. Alifariki mwaka 1886, mwaka ule ule Wangoni walipokubali shule zifunguliwe. Mwenzake Shadrach Mngunana, mwalimu wa kwanza wa Cape Maclear, hakumaliza hata miaka miwili. Ukisema Laws alileta elimu huku, sema pia kwamba kengele ya kwanza iligongwa na Mxhosa.

Kisha kuna suala la uchungaji, na hapa simtetei daktari. Charles Domingo aliletwa Livingstonia akiwa mtoto, akasoma hapa na Lovedale, akawa mwalimu anayeheshimika, akamaliza theolojia. Akangojea kuwekewa mikono. Akangojea tena. Kila mara kulikuwa na mwaka mwingine wa kupimwa. Mwisho aliondoka, akaanzisha kanisa lake, na mwaka 1911 akawa anaandika maneno makali kuhusu Ukristo wa wazungu na serikali na makampuni kuwa kitu kimoja. Waafrika wa kwanza wa misheni hii, Hezekiah Tweya, Jonathan Chirwa na Yesaya Zerenji Mwasi, waliwekewa mikono mwaka 1914. Hesabu kutoka 1875. Mwasi naye alijitenga mwaka 1933 na kuanzisha kanisa la watu weusi wenyewe. Laws angeweza kuusubiri mwerezi ukue apate mbao, lakini kwa mtu aliyemsomesha mwenyewe alikuta kila siku hajakauka.

Ada nayo ilizaa mambo. Elliot Kamwana, Mtonga, mmoja wa vijana wenye akili kali shuleni, aliondoka wakati misheni ilipoanza kutoza. Alirudi kwao mwaka 1908 akihubiri kwamba ufalme unakuja na kodi itakwisha, na kubatiza watu kwa maelfu ndani ya miezi michache, zaidi ya waliobatizwa na misheni kwa miaka mingi. Serikali ikamkamata, na sehemu kubwa ya maisha yake ikaishia uhamishoni, hadi visiwa vya Shelisheli.

Wengine waliondoka kwa sababu ya tumbo. Nyasaland, yaani Malawi ya enzi hizo, haikuwa na kazi ya kuwalipa makarani na maseremala wote hawa. Wakaenda migodini na maofisini, Rhodesia, Katanga, Afrika Kusini. Clements Kadalie, aliyehitimu ualimu hapa, alianzisha mwaka 1919 huko Cape Town chama cha wafanyakazi kilichotikisa mabwana wa bandari na mashamba. David Kaunda alitumwa kuinjilisha Chinsali, Zambia ya leo, na huko akamzaa Kenneth, rais wa kwanza wa Zambia. Levi Mumba na wenzake waliunda mwaka 1912, Karonga, chama cha wenyeji cha kupeleka malalamiko serikalini kwa barua zilizoandikwa vizuri, hoja kwa hoja. Mwaka 1944 Mumba akawa rais wa kwanza wa chama cha Congress cha Nyasaland. Ile barua ya hoja kwa hoja, mimi naiona ni kazi ya karakana ile ile.

Nilipotoka kanisani nilienda kuona mawe. Yako kwenye majani, yamepakwa chokaa, yanasomeka kutoka angani: Waefeso 2, mstari wa 14. Machi 1959, hali ya hatari ilipotangazwa na viongozi wa Congress kutiwa ndani, ndege ya serikali iliwadondoshea wamisionari ujumbe: mnataka kuhamishwa? Wakajibu kwa mawe. Aya hiyo inasema Kristo amekibomoa kile kiambaza kilichowatenga watu, na rubani aliyeijua Biblia yake alielewa kwamba hawaendi kokote. Laws alikuwa amekufa miaka 25 kabla ya hapo. Napenda kudhani angekubali, ila angetaka kwanza kamati ikae.

Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wakipita juu ya majani hayo kwenda darasani, wakikwepa mawe bila kuyatazama. Laws alitaka chuo kikuu hapa; hakukipata, wakubwa wake na wafadhili waliona ni makuu. Chuo Kikuu cha Livingstonia kilifunguliwa mwaka 2003 na sinodi ya kanisa, na makao ya Khondowe yanaitwa kwa jina la Laws. Yule kijana wa kompyuta kutoka kwenye matola nilimkuta kwenye ngazi za maktaba akisubiri mtandao. Anasomea ualimu. Nikamuuliza ada. Akataja kiasi, akaniambia shangazi yake aliyeko Johannesburg ndiye anayelipa, na mwaka huu amechelewa.

Jioni mzee wa makumbusho alikuja barazani kunywa chai, akanisimulia lile ambalo kila Mmalawi anasimulia. Mwaka 1915 kijana mfupi wa Kasungu alikuwa akifanya mtihani wa ualimu wa misheni. Amekaa nyuma, ubao hauonekani, akanyanyuka kuchungulia maswali juu ya kichwa cha mwenzake. Msimamizi, Mchungaji Cullen Young, akadhani anaibia, akamtoa. Kijana akaondoka kwa miguu kwenda kusini, akafika Johannesburg, akavuka bahari kwenda Marekani, akawa daktari, akaenda Edinburgh kusomea shahada za pale, akawa mzee wa kanisa lile lile la Scotland. Ni Hastings Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi. Young alikuja kumjua tena Uingereza, wakawa marafiki, na mwaka 1946 kitabu kuhusu desturi za Wanyasa kikatoka kikiwa kimehaririwa na wote wawili.

"Kwa hiyo walipatana," nikasema.

"Walipatana sana, mama." Mzee akajimiminia chai nyingine. "Mtihani hakurudishiwa."